Vyura Waliokatiza Maneno

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa kibanda cha kinyozi, na leo kinyozi mwenyewe hatulii. Anakaa, anainuka, anafagia nywele alizokwisha kuzifagia. Binti yake wa maabara yuko njiani, anakuja kuchukua vyura wa mtaroni hapo, wale wadogo wenye mgongo mwekundu, asome vinasaba vyao. Kwingine kote amewatafuta akawakosa, na kazi yake yote imesimama ikiwangoja. Kwenye simu kinyozi alikosa moyo wa kumwambia kwamba mtaro umeshafukiwa, tena na wao wenyewe wa benchini, kwa sababu vyura walikuwa wakiwakatiza maneno.

Wenzake wala hawana wasiwasi; neno vinasaba limewapa mazungumzo. Profesa, fundi viatu asiyekosa jibu, alikuwa ameshika kikombe cha kahawa na usukani wa mazungumzo.

— Vinasaba ni maagizo ya kukuumba. Soma ya chura, ya popo, hata ya mgomba, utakuta mengi yanafanana na yako.

— Mimi na mgomba? aliuliza Breki, dereva mstaafu.

— Undugu ni kufaana. Ndizi zake hujala?

Breki alitafakari, akasema sasa ameelewa kwa nini mama mkwe wake halali usiku: upande wa popo huo.

— Na tembo je?

— Alianza akiwa chura. Haba na haba hujaza kibaba.

— Basi chura ni mkubwa wetu, tumwamkie.

— Hebu nyamazeni kidogo, kinyozi akasema.

Alitega sikio upande wa kifusi. Pengine mmoja alisalia. Alisikia birika la kahawa tu likichemka.

Ndipo binti akatokea, begi begani, mkononi kindoo chenye kifuniko cha matundu. Akawaamkia, wakaitikia marahaba. Baba yake akampokea begi, akabaki amelikumbatia. Binti alitabasamu.

— Baba, siku hizi wanaanza kulia saa ngapi?

Profesa akachungulia kikombe chake, kilikuwa kitupu. Breki akaondoa miguu juu ya kifusi taratibu. Ule ukimya walioutafuta kwa makoleo, wakaupata wote watatu, na binti bado anangoja jibu.