Josée na Albamu Ambayo Hakuitubia

Marehemu Josée, ambaye wengi tulimwita Mama Keren, alizaliwa tarehe 11 Machi 1956 mjini Lyon, Ufaransa, mtoto wa pili wa fundi viatu. Alisoma hapo hapo Lyon na kufundishwa piano na watawa. Alipotimiza miaka kumi na minane alikuwa tayari anaimba hotelini.

Mwaka 1988 alikuja London. Mchana alifundisha Kifaransa, jioni aliimba. Tarehe 6 Juni 1992 alifunga ndoa ya serikali na Gervais, mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, aliyekuwa akifanya usafi katika uwanja wa Wembley. Walihamia Thamesmead, wakajaliwa binti mmoja, Keren. Kiswahili alijifunza jikoni kwa mama mkwe wake, na alijua kugombana kwa lugha hiyo kabla hajajua kusalimia.

Mwaka 1997 alitoa albamu yake ya pekee, Koti la Kuazima: nyimbo kumi za Kifaransa za mtindo wa zamani, zile zinazosimulia maisha ya mtu, zikisindikizwa na saksafoni na piano ya jazi. Kanisani alikosali na mume wake ikasemwa hizo ni nyimbo za baa, na kwamba ndoa yao haitabarikiwa mpaka atubu mbele ya watu. Hakutubu.

Mwaka 1999 mama mkwe wake alipofariki, Josée alipika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na kuipeleka matangani Peckham. Akina mama wa kanisa waliiombea, kisha wakaimwaga chooni. Alirudi kwa basi na sufuria tupu, akamwambia mume wake, “Baba Keren, wangekataa kula ningeelewa. Lakini kumshukuru Mungu kwa chakula halafu kukimwaga? Hiyo inanitia kichefuchefu.” Hawakumruhusu kupika tena. Kuosha vyombo vya sherehe zao waliendelea kumwita.

Februari 2004 aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Mzee Lambert, mwenyekiti wa kamati ya misiba ya kanisa, alikwenda kumwona hospitali.

“Mama Keren, itubie ile albamu, tukuombee.”

“Umeisikiliza, Baba?”

“Siwezi kuchafua masikio yangu.”

“Haya, kaa nayo safi. Ila sogeza kiti, umekanyaga mrija wangu wa dawa.”

Alifariki nyumbani, Thamesmead, tarehe 9 Oktoba 2005, akiwa ameshikwa mkono na Keren.

Jumanne iliyopita kamati ilitaka albamu iondolewe katika wasifu huu, la sivyo mchungaji hatasimama kaburini. Gervais alijibu, “Basi abaki kwake. Mke wangu nitamwombea mwenyewe.” Ndiyo maana leo mchungaji hayupo.

Ameacha mume, Gervais, binti, Keren, dada yake, Myriam, aliyeko Lyon, na albamu moja. Mungu ampokee pamoja na sauti yake, apumzike, na asidaiwe tena toba kwa kuimba.