Aliyeitwa Saa Kumi

Ndugu waombolezaji, mliokaa na mliosimama, mliosafiri na mliovuka barabara tu, familia imemtuma mdogo wake marehemu, wa kiume, wa pekee, asome historia ya dada yake, na karatasi alizoshika ni nne, si mbili kama kikao kilivyokubaliana jana, kwa hiyo wajumbe wa kikao wanaomkonyeza kutoka mstari wa mbele wavumilie, kukonyeza hakutafupisha kitu. Jumatatu asubuhi watu wa redio walipouliza marehemu atangazwe kwa jina gani maarufu, mtu wa nyumbani kabisa alijibu bila kufikiri, "Andikeni Saa Kumi, ndivyo watu watakavyomjua," na tangazo likasomwa hivyo asubuhi, mchana na jioni. Jina hilo limemganda miaka ishirini na minane. Historia hii inasomwa ili asizikwe nalo, na sababu iko kwenye karatasi ya tatu, tutafika.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mwendesha winchi wa bandarini na mke wake, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya kamba, na mdogo wake akafuata mwaka 1967, wakapishana miaka sita kamili, sita hiyo muikumbuke. Alikuwa na tabia ambayo mama yao aliiita ugonjwa, ya kusema "ni mimi" kabla mtu hajauliza ni nani, kikombe kikivunjika ni yeye, sukari ikipungua ni yeye, na mdogo wake, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akiilamba hiyo sukari, alikua akijua kwamba dunia ina mlango wa nyuma, na mlango huo ni dada.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari kuanzia 1975 hadi 1978, akifaulu hesabu kuliko wavulana wote wa darasa lake, jambo ambalo wavulana hao, na wawili wamekaa hapa leo na mvi zao, hawajalimeza mpaka sasa. Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa ofisi ya bandari kuwa karani wa kumbukumbu za maji, kazi yake ikiwa kusoma kijiti cha kupimia kina mara nne kwa siku na kuandika maji yamejaa kiasi gani na yamekupwa kiasi gani, kazi ambayo baba alisema ni kulipwa kwa kuangalia maji yakifanya yanachofanya tangu dunia iumbwe.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi umeme aliyeitwa ofisini kubadilisha taa moja akaichukulia siku nne, na hakuna aliyeuliza kwa nini, maana kila mtu alikuwa na macho. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1990 na kijana aliyezaliwa Ijumaa tarehe 19 Julai 1996, saa mbili na dakika arobaini asubuhi.

Kabla ya watoto hao kuzaliwa, watelezaji wa mawimbi walishaanza kumjia dirishani, mbao zao kwapani, mchanga umewajaa miguuni, kila mmoja akiuliza kesho kukoje, naye alipochoka kurudia jibu moja kama kasuku aliomba ubao mweusi kutoka stoo, akautundika nje chini ya dirisha lake tarehe 5 Juni 1989, na kila jioni akaandika kwa chaki hali ya mawimbi ya siku inayofuata. Hakuandika kama ofisi. Aliandika, "Kesho bahari ina maneno mengi lakini haina ngumi," au, "Mita moja na nusu, upepo unatoka nchi kavu, mafundi wataonekana na waongo wataonekana," na watu walicheka, lakini walitii. Aliwafundisha kuhesabu sekunde kati ya wimbi na wimbi, kwamba zikiwa nane au tisa ni mawimbi ya jirani, kelele tu, bali zikifika kumi na sita hayo yametoka kwenye dhoruba ya mbali ambayo hatutaisikia kamwe, na yakifika kwenye mwamba hayabishi hodi.

Mwaka 1994 ofisi ilifungiwa mashine ya kupokea vipimo kutoka kwenye boya lililotiwa nanga nje huko kwenye kina, na mashine hiyo, kwa kuwa haikuzaliwa na mtu, ilihesabu saa tangu usiku wa manane, ikisema 10:00 pale sisi tunaposema saa nne asubuhi, ikisema 16:00 pale sisi tunaposema saa kumi jioni. Mdogo wake alipoajiriwa ofisi hiyo hiyo Januari 1996, mtunza stoo wa majaribio, akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, mke na watoto wawili mgongoni, dada ndiye aliyembebea barua ya maombi mpaka mezani kwa mkuu, na tumbo lilipoanza kuwa kubwa alimfundisha ubao pia, ili usikose mtu siku atakayojifungua. Alimwambia, "Namba ya mashine ni mimi, saa ya watu ni wewe. Chukua yangu, toa sita, umejipata." Mtoto wa darasa la pili angeelewa.

Hii sasa ni karatasi ya tatu.

Alhamisi tarehe 18 Julai 1996, saa kumi na nusu jioni, uchungu ulimshika marehemu mezani, wiki tatu kabla ya siku zake, akachukuliwa kwa gari la ofisi, na akiwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili, aligeuka akasema, "Ubao, usisahau ubao. Toa sita." Kwa miaka ishirini na minane mmeambiwa kwamba aliandika yeye kabla hajatoka, kwamba maumivu yalimchanganya, kwamba ndiyo hatari ya kumpa mwanamke mjamzito kazi ya kichwa, mengi mmeyasema, mengine mmeyasemea sokoni akiwa anapita. Hakuandika. Aliyeandika ni mdogo wake, yaani huyu huyu anayesimama mbele yenu na karatasi nne mkononi. Mashine ilitoa mawimbi ya mita tatu na nusu, sekunde kumi na saba, yatafika kesho 10:00, naye alikuwa na haraka, na haraka yenyewe haikuwa ya hospitali, ilikuwa ya mpira, ndiyo, mpira, na aibu hiyo nayo isomwe, akachukua chaki akaandika, "Kesho asubuhi shwari. Mawimbi makubwa saa 10." Hakutoa kitu.

Asubuhi ya Ijumaa fundi wa mbao za kutelezea, mtu mwangalifu ambaye hakuwahi kuingia majini bila kupita kwanza kwenye ule ubao, aliusoma, akahesabu kwamba mpaka saa kumi jioni ana asubuhi nzima na mchana wake, akaingia saa tatu na wanafunzi wawili. Saa nne mstari wa kwanza ulifika. Waliokuwa ufukweni walisema bahari ilinyanyuka bila sauti, halafu ikawa na sauti, na fundi aliwasukuma wanafunzi wake wote wawili kwenye njia ya maji iliyo kando ya mwamba, mmoja baada ya mwingine, wakatoka salama, yeye hakupata nafasi ya tatu. Alitolewa majini saa nne na dakika ishirini, akiwa ameshafariki. Aliacha mke, fundi cherehani, waliyekuwa wameoana naye kwa mwaka mmoja na miezi miwili.

Mdogo wake marehemu alisikia mayowe, akatoka nje ya stoo, akautazama ubao, na pale pale akaelewa. Akaufuta. Kwa mkono wa shati, kabla mkuu hajafika, akaufuta mpaka ukawa mweusi kama siku uliyotoka dukani, kisha akakimbilia hospitali, wodi ya wazazi, kitanda cha pili kutoka dirishani, akamkuta dada ana mtoto kifuani, akamwambia yote huku analia. Dada alimhamishia mtoto titi la pili, kisha akauliza neno moja tu, "Umeufuta?" Akajibu, "Nimeufuta." Akasema, "Basi niliandika mimi, kabla sijatoka. Wewe uko kwenye majaribio, una watoto, watakutupa nje leo hii." Mdogo wake alisema, "Dada, hapana," lakini aliisema kwa sauti ya mtu anayeomba asisikilizwe, na hakusikilizwa.

Tarehe 29 Julai 1996 marehemu alipewa barua ya onyo, akaondolewa dirishani akapelekwa stoo kuhesabu rangi na misumari, na mdogo wake, kwa unyoofu wake wa kupigiwa mfano, akathibitishwa kazini. Jina la Saa Kumi lilianza wiki hiyo hiyo. Aliitwa nalo sokoni, akapigiwa miluzi nalo barabarani, naye akaliitikia kama jina la ubatizo, na mtoto wake wa mwisho akakua akiambiwa na wenzake kwamba kuja kwake duniani ndiko kulikomuua mtu. Mwaka 2003, tarehe 11 Januari, alipeleka kitambaa cha sare ya kijana huyo kwa yule mjane fundi cherehani, si kwamba mafundi wengine hawakuwapo, bali alitaka ajaribu kupatana naye, na fundi akakikunja kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia, akauliza, "Ulikuwa unaitaka saa ngapi, saa nne au saa kumi?" Marehemu akasema, "Pole, mama," akaenda akaishona kwa mkono. Mdogo wake alikuwa amesimama naye pale kizingitini. Alikuwa na mdomo. Hakuutumia.

Karatasi ya nne ni fupi. Tarehe 1 Machi 2000 marehemu alirudishwa dirishani, kwa sababu watelezaji wenyewe walichoka na utabiri wa watu wasiojua kuhesabu sekunde, na tangu siku hiyo mpaka anastaafu tarehe 3 Machi 2021 hakuandika tena saa yoyote kwa tarakimu, aliandika "saa nne asubuhi" kwa maneno, herufi kubwa, hata chaki iwe imebaki kipande cha ukucha, na leo vijana wanaotuma hali ya mawimbi kwenye simu wanaandika hivyo hivyo bila kujua zoea hilo wamelipata wapi. Aliacha madaftari kumi na tisa, kila ukurasa una safu mbili, ya kwanza imeandikwa "Nilisema", ya pili imeandikwa "Bahari ikasema", na kwenye ukurasa wa 19 Julai 1996, kwa mwandiko wake mwenyewe, imeandikwa, nilisema saa kumi, bahari ikasema saa nne. Nilisema. Mdogo wake aliufungua ukurasa huo Jumapili, na ndio uliozaa karatasi ya tatu.

Alianza kuugua figo Mei 2022, akatibiwa, akapata nafuu, akarudi tena kitandani, na mwezi uliopita mdogo wake alimwambia kwamba sasa atakwenda kusema, inatosha. Dada alimtazama kwa yale macho ya kusoma kijiti, akasema, "Usithubutu nikiwa hai, nitalazimika kukutetea. Nikishaondoka, ubao ni wako." Alifariki Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024, saa moja kasorobo asubuhi, mume wake akiwa amemshika mguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ambao hawakuchoka hata pale mgonjwa alipokuwa akiwasahihisha saa zao za dawa, inawashukuru majirani kwa viti, maji na mikono, wafanyakazi wenzake wa bandari, na watelezaji waliokuja na mbao zao wakazisimamisha ukutani pale nje. Mpwa wa msomaji huyu, yule kijana wa tarehe 19 Julai, asikie mbele za watu kwamba kuzaliwa kwake hakukumkosesha mama yake hata namba moja, namba aliikosea mjomba, na miaka yote hiyo aliyokwenda shule ameinamisha kichwa mjomba hawezi kuirudisha. Shemeji, fundi umeme, alinyang'anywa heshima ya mke wake bila kuambiwa, naye anaombwa radhi, akitaka kugoma kusamehe agome.

Na wewe fundi cherehani, uliyekaa kile kiti cha mwisho karibu na geti, familia haijui umekuja kumzika au kuhakikisha, vyote ni haki yako, ila ulimnyima salamu mtu ambaye siye. Aliyemuua mume wako alikuwa anakusalimia kila asubuhi, nawe ulikuwa unamwitikia. Baada ya mazishi hatakwenda nyumbani, atakaa pale chini ya dirisha la ofisi ya bandari, mahali pa ule ubao, na utakalokuja kumwambia atalisikiliza lote, mchana huu, kesho na keshokutwa, na kwa mkuu wa bandari barua imeshapelekwa leo asubuhi.

Mazishi ni leo, saa nne asubuhi. Imeandikwa kwa maneno. Dada, sita imetolewa, sasa pumzika kwa amani.