Pumzi ya Kwaya na Pampu Mpya

Bwana asifiwe sana! Wale wa benchi la nyuma, mmenisikia? Mmenisikia. Basi ushuhuda wangu ungeweza kuishia hapo nikaenda kukaa, maana msimu wa baridi uliopita nilisimama mahali hapa hapa, nikafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa sauti ya jogoo aliyenyeshewa. Mlicheka. Nimewasamehe.

Ndugu zangu, mnanifahamu. Mimi ni Mama Tumaini wa sauti ya kwanza, nalima karoti na kabichi huko juu, nauza sokoni Soni siku za gulio. Tena ni mgonjwa wa pumu tangu nikiwa darasa la nne. Miaka yote hiyo nilitumia pampu ya kupuliza, ile unayobonyeza ikatoa dawa, nawe unaivuta polepole kupitia kichupa cha plastiki. Na kwa kuvuta polepole mimi nilikuwa fundi! Mwalimu wetu wa kwaya ametufundisha kwamba mwimbaji mzuri huvuta pumzi na mtu wa benchi la mbele asisikie. Kimya, taratibu, mpaka tumboni. Wenzangu wakipiga pumzi kwa kelele, mwalimu alikuwa akiwaambia wanitazame mimi. Nilijisikia sana, sitaki kuwaficha.

Siku moja huko hospitali ya Lushoto wakanibadilishia dawa ya kila siku. Pampu mpya haipulizi. Ndani yake mna unga laini, unaifungua na kuuvuta mwenyewe. Muuguzi, binti mdogo mwenye adabu, akaniamkia shikamoo, akataka kunielekeza namna ya kuitumia. Mimi huku natazama dirishani, gari la kurudi Soni linakaribia kujaa. Nikamwambia, "Najua, mwanangu, najua. Nimeanza kuvuta pampu wewe hujazaliwa." Akaanza kusema jambo fulani kuhusu maji. Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nikafika nyumbani nikauvuta ule unga kwa pumzi ya kwaya. Taratibu, kimya, kwa ustadi wote niliojaliwa. Ulimi ukabaki na unga. Nikataka kusukutua, na mama mkwe wangu akanizuia. "Dawa haitemwi!" Ninyi mliolelewa milima hii mnajua. Mtoto akipewa dawa ya mizizi, ile chungu, akaitema, anafinywa sikio na kuongezewa kikombe cha pili. Basi nikatii. Hata chai nilikuwa naisubirisha ili dawa itulie mdomoni.

Ndugu zangu, ilitulia kweli! Baada ya majuma machache ulimi ukawa na utando mweupe, ugali hauna ladha, koo linawasha, sauti imekwaruza. Na kifua bado kinabana, asubuhi ukungu ukishuka nakohoa hadi machozi. Maneno yakaanza. Wengine walisema ni kijicho. Wengine, nao wamo humu ndani, walisema nilijivunia sauti mno na Mungu ameichukua. Hilo la pili lilinichoma, kwa sababu nilianza kuliamini. Nililia katikati ya kabichi zangu kama mtu aliyefiwa. Sikukuu ya Mavuno ilikuwa inakaribia, na wimbo wa kuleta mazao madhabahuni mimi ndiye niliyekuwa nauanzisha kila mwaka.

Hapo nikafanya upumbavu mkubwa, tena kwa maombi. Nikasema mwizi wa sauti yangu ni hii pampu. Nikaitia kabatini, nikafunga kwa ufunguo, nikaikemea: hutaniibia tena! Na sauti ikaanza kurudi kidogo. Nikashangilia jikoni nikidhani nimeshinda.

Siku ya tano, gulioni, ndipo kifua kilipofunga. Nilikuwa nimeinua mfuko wa karoti, mara nikawa navuta hewa haiingii. Mfukoni nilikuwa na pampu nyingine ndogo, ya dharura, nikabonyeza, nikabonyeza tena na tena, na hewa bado hakuna. Nilimwona mwanangu Tumaini machoni pangu. Nikasema moyoni, Bwana, mimi sitaki tena wimbo, nipe pumzi tu!

Jirani yangu wa biashara, Mama Zaituni, akaacha nyanya zake bila mtu wa kuzilinda. Akasema "Bismillahi," akanishika kiuno, akasimamisha gari la kwanza lililopita na kuniwahisha hospitali Lushoto, njia nzima ananishikilia kichwa na kuomba kwa namna yake. Mungu alimsikia.

Wakaniwekea dawa ya mvuke usoni, hewa ikaingia. Nilipoweza kusema, nani yuko mbele yangu? Yule yule binti. "Shikamoo, mama. Naomba unionyeshe unavyoivuta ile ya unga." Nikapewa ya mfano, tupu, nikavuta kwa ustadi wangu wote. Kimya kabisa! Hata Mama Zaituni hakusikia kitu.

Binti akatabasamu. "Mama, umevuta vizuri sana, lakini hiyo ni ya pampu ya zamani. Ile ilikuwa inasukuma dawa yenyewe. Huu unga hausukumwi na kitu, ni wewe uuvute kwa nguvu na kwa haraka. Ukiuvuta taratibu unabaki mdomoni na kooni. Ndiko ulikotoka utando, na sauti ikakauka. Ukimaliza, sukutua na maji, uteme."

Nikamwambia kwa aibu kwamba kwetu dawa haitemwi.

"Iliyofika kifuani imefika, mama. Hiyo unayoitema ni ile iliyopotea njia. Na hata ukifanya yote sawasawa sauti ikakwaruza, rudi utuambie. Usiifungie kabatini."

Ndugu zangu, mimi niliomba niondolewe pampu. Bwana akaniondolea "najua, najua"! Alimtumia binti aliyenipa shikamoo, na jirani asiyesali nami, na nyanya zilizoharibika juani. Jina lake lihimidiwe!

Mavuno yalinipita. Nilikaa benchini nimepakata boga, mwenzangu akauanzisha wimbo wangu, na aliuimba vizuri, jambo lililoniuma zaidi. Lakini nilikuwa napumua. Utando ulitibiwa ukaisha, sauti ikaja polepole. Sasa kila asubuhi nauvuta unga kwa kishindo mpaka kuku wanashtuka, na mama mkwe wangu, yule pale amefunika uso kwa kanga, anasimama mlangoni na kikombe cha maji akiniamuru, "Tema!"

Wewe uliyebadilishiwa dawa na mwili ukakataa, usiitupe wala usione haya. Rudi kwa waliokupa, waonyeshe unavyoitumia. Na umtegemee Mungu, maana msaada wake mara nyingi unakuja umevaa sare na kukuamkia shikamoo.

Mama Zaituni nimemwalika leo, yuko benchi la mwisho. Dada yangu, ukinisikia, nyoosha mkono. Nimeuona! Asante. Pumzi hii ninayotaka kuitumia, wewe ulinishikia mpaka ikarudi.

Mwalimu, nipe sauti. Tuuimbe ule wa Mavuno.