Kitabu cha Mutuelle Kihamie kwa Mama Yenu

Sogeeni karibu, watoto wangu, na wewe Mounira zima ile redio, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kushindana na matangazo. Daktari amesema siku mbili, labda tatu. Ni mutu wa kwanza mwenye muhuri kunipa jibu bila kuniambia nirudi kesho.

Nyumba hii akae mama yenu Subira, mutu yeyote asimuhamishe. Shamba la michikichi la njia ya Wamaza niliisha kuliandika kwa jina la Rachida, aliyelilima. Musilijadili juu ya jeneza langu. Kinachonikosesha usingizi ni sukari ya mama yenu na dawa anayochoma kila siku.

Miaka thelathini na moja niliandika vizazi na vifo katika ofisi ya serikali hapa Kasongo. Nilipostaafu wakasema serikali itatutibu, mimi na muke wangu, ila kila mwaka nifike ofisi ya jimbo huko Kindu mwenyewe na cheti cha kuwa hai. Vyeti hivyo nilivisaini mimi kwa wengine, na nilikuwa mukali: nisipokuona kwa macho, wewe hauko hai. Basi nikapanda pikipiki siku mbili na mugongo huu, na karani akaniambia mutu aliyeivumilia njia ile haonekani mugonjwa. Orodha ya dawa ilikuwepo. Dawa hazikuwepo.

Ndipo wewe Djafari, kwa moyo mwema na faida ya duka lako la Salamabila, ukatununulia bima ya kampuni. Kadi inang'aa, na picha yangu ndani yake inacheka. Niliusoma mukataba wote, kurasa ishirini na mbili, kazi ambayo naamini wenyewe hawajaifanya. Hospitali yao ya karibu iko Bukavu, mbali kuliko hata Kindu. Na ugonjwa uliokuwepo kabla ya kusaini hauhesabiwi. Jamani, kwa umri wetu, ni ugonjwa gani haukuwepo? Goti langu limeizidi kampuni yao kwa umri! Usione haya, mwanangu, ulidanganywa kwa Kifaransa kizuri. Siku nyingine uliza kwanza hospitali iko wapi na ugonjwa gani wanaukataa. Kadi itazame mwisho.

Anayemutibu mama yenu ni mutuelle, kile chama cha matibabu cha mutaa alichokianzisha mudogo wangu Lukumani, nami nikamucheka mulangoni pa musikiti, watu wakisikia: "Wauza mawese nao wanataka kuwa serikali!" Miaka sita hatujasalimiana. Mama yenu akajiunga kimya-kimya, na kwa kuwa fomu ilitaka jina la mukubwa wa nyumba, akaandika langu. Niliyewacheka ndiye mwanachama.

Sasa kanuni yao. Mukubwa wa nyumba akifa, kitabu chake cha uanachama kinafungwa, na mujane anaanza upya: miezi mitatu ya kungoja, bila dawa. Miezi mitatu mama yenu hataimaliza. Lakini nikiwa hai ninaweza kumuhamishia kitabu kwa alama ya kidole changu mbele ya katibu, na hakuna kungoja. Katibu ni Lukumani. Hatapindisha hata kwa machozi; ukali huo alijifunza kwangu, alipokuwa karani wangu. Ni kanuni ya kijinga. Ningeweza kuiandika mimi.

Kwa hiyo Djafari, washa pikipiki. Usimwambie kwamba ninakufa, atasema ninatafuta upendeleo. Mwambie: kaka yako Bulaimu amesema ulikuwa na haki. Atakuja, hata kama ni kwa kutaka kulisikia mara ya pili. Aje na kitabu. Na wino.

Subira, shika huu mukono wa kuume, usipoe. Mukono huu bado una kazi moja.

Mungu awape afya, watoto wangu... na akiwapa ugonjwa, awape na hospitali ya karibu. Semeni amina, musiningojee... Rachida, angalia barabarani. Ni pikipiki ile?

Lukumani. Kaa. Ndiyo, ulikuwa na haki... sirudii. Lete wino. Hapa... kidole hiki. Umeniona kwa macho?

Basi andika. Yuko hai.