Mama Yetu, Aliyeunganisha Shaba na Alumini

Ndugu, jamaa na marafiki, mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi hadi 1965, kisha chuo cha ufundi, ambako alikuwa msichana pekee katika darasa la mashine, na mwaka 1971 akamaliza akiwa wa kwanza.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa karakana ya shirika la umeme, kwenye mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma kikichongwa, na mwaka 1975 akafunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wanne, nami ninayesoma hapa ni kitindamimba.

Miaka ile nyaya za alumini zilifungwa kwa bolti kwenye vipande vya shaba, maungio yakipata moto na kuungua, hata hospitali ikakatikiwa umeme mara tatu mwezi mmoja, mara ya mwisho mama mmoja akijifungua kwa upasuaji, akaokolewa kwa mwanga wa tochi. Mafundi walipojaribu kuchomelea, kiungo kilivunjika kama biskuti, na mhandisi mkuu akasema, "Hivi viwili havipatani, tusipoteze muda."

Mama alirudi kwenye mashine yake amenuna, akaizungusha shaba kwa kasi, akaisukumia alumini iliyotulia, vikasuguana mpaka vikalainika bila kuyeyuka, kisha akasimamisha mashine ghafla na kukandamiza kwa nguvu zote. Vipande kumi na kimoja viliachana mkononi mwake. Cha kumi na mbili, tarehe 9 Agosti 1984, mkuu wa karakana alikibana kwenye jiliwa na kukitwanga nyundo, alumini ikapinda kama kiwiko, kiungo kikagoma kuachia, mzee wa watu akatupa nyundo na kupiga kelele, "Bi Msuguo, umewaozesha!" Jina likamganda siku hiyo hiyo, na mhandisi mkuu akaja mwenyewe, akaushika mkono wake wenye grisi mbele ya wote, akasema, "Mama, nilikosea."

Maungio yake yalifungwa kila kituo cha umeme, hospitali ikatulia, naye akafundisha mafundi arobaini na sita kabla ya kustaafu mwaka 2011.

Aliugua moyo tangu 2021, akatutoka Jumapili, tarehe 6 Aprili 2025, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliokataa katakata mtu mwingine abebe jeneza lake.

Pumzika, mama, kazi umeifanya, nasi tumeiona.