Wodi Isiyo na Bati: Maisha ya Kilian Tobias Ndimbo

Wazazi wetu, ndugu, majirani, na ninyi wageni mliotoka Maguu, Mbinga mjini na Dar es Salaam, poleni kwa msiba na poleni kwa tope. Naitwa Salvatory Ndimbo, baba mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake yote, si yale matamu peke yake, kwa sababu mama yake mzazi, aliyeketi hapa mbele, amekataa katakata mwanawe azikwe kwa sifa za uongo.

Marehemu Kilian Tobias Ndimbo alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 hapa Chiwanda, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa mzee Tobias Ndimbo, mvuvi na mkulima wa mihogo, ambaye ametangulia mbele za haki, na Mama Ottilia Kapinga, Mmatengo wa Maguu, na mdogo wake wa kike, aliyemwachia ziwa la mama, ni Agripina, ambaye jina lake mtalisikia tena.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, kisha sekondari ya bweni wilayani Mbinga kuanzia 1998 hadi 2001, alipomaliza kidato cha nne, na tuseme ukweli, walimu hawakumsifia hesabu, walimsifia sauti. Kila likizo alikuwa mpuliza kibuyu katika kundi letu la ngoma ya mganda, akivaa kaptura nyeupe ya kuazima, na wazee walimpenda kwa sababu hakuvunja mstari hata siku moja.

Mwaka 2003 alikwenda Dar es Salaam, akabeba vyombo vya wanamuziki wengine, akalala njaa, akafukuzwa alikopanga, mpaka mwaka 2008 alipotoa ule wimbo wake wa kuwaita watu weusi wote, wa Afrika na wa ng'ambo, washikane mikono na kubebana, nao ukamfikisha Uingereza na Marekani, ambako tuliambiwa watu weusi wa huko walimsikiliza huku wakilia. Jina likawa Kili wa Nyasa, nyumba zikaja, magari yakaja, na huku nyumbani kila mtu akawa ndugu yake, hata wale ambao hawakuwahi kumpa kikombe cha uji.

Tarehe 12 Juni 2010 alifunga ndoa takatifu na Dorah, binti wa Morogoro, na Mungu akawajalia watoto wawili, Clemence na Glorious, ambao leo ndiyo mara yao ya pili tu kuiona Chiwanda.

Tarehe 9 Februari 2014 Agripina alishikwa na uchungu, mvua imekata barabara, ziwa limechafuka kiasi kwamba hakuna mtumbwi uliothubutu kutoka, basi wanaume wakambeba kwa machela kuelekea hospitali, wakafika mtoni wakakuta mto umefurika, wakamtua ukingoni wakisubiri maji yapungue. Maji yalipopungua yeye na mtoto wake walikuwa wameshakata roho, na Kilian, aliyekuwa safarini kuimba, alifika baada ya maziko, akalia mpaka akashikiliwa.

Tarehe 27 Desemba mwaka huohuo, siku makundi ya mganda ya vijiji jirani yalipokutana hapa, alisimama katikati ya uwanja, ngoma zikanyamazishwa, akaahidi mbele ya wote kwamba wanakijiji wakisimamisha kuta za wodi ya wazazi, yeye atapaua. Jamani, watu walifanya kazi! Akina mama walisomba mchanga wa ziwani kwa ndoo, akina baba walifyatua tofali na kuzichoma, mwalimu wetu Praygod kutoka Kilimanjaro na afisa kilimo wetu Mwislamu kutoka Tanga walichanganya udongo kwa miguu yao pamoja nasi, na kufikia Septemba 2015 kuta zilikuwa zimefika juu kabisa, zikingoja mbao na bati.

Wageni huenda mkashangaa kwa nini hakuna aliyempigia simu, lakini katika kundi letu mtu aliyetamka neno mbele ya ngoma hakumbushwi, kumkumbusha ni kumwita mwongo, na Kilian tulimheshimu mno. Kwa hiyo tulinyamaza, tukimtumia salamu za Krismasi na samaki wakavu, naye kule mjini, kama alivyotueleza mwenyewe baadaye, akaona kimya chetu akadhani tumeshapata mfadhili mwingine, kisha shughuli zikamzonga, akasahau. Heshima yetu na usahaulifu wake vilikaa pamoja miaka kumi, na katika miaka hiyo wanawake wa hapa waliendelea kubebwa mpaka mtoni.

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatibiwa Dar es Salaam, akakatazwa safari ndefu. Hata hivyo tarehe 6 Februari mwaka huu, 2025, alikuja nyumbani na wapiga picha, akitaka kutengeneza video ya ule wimbo wake wa kubebana, na alipokuwa akitafuta mahali pazuri pa kuimbia aliliona jengo lisilo na paa, mibarika imeota ndani, akamuuliza mama yake kama hilo ni gofu la wamisionari. Mama Ottilia alimjibu kwa Kimatengo, polepole, kwamba si gofu, ni wodi ya Agripina, inamsubiri yeye.

Kilian aliketi palepale chini, akawaambia wapiga picha wafunge vitu vyao waondoke, akapiga simu Mbinga kuagiza mbao na bati, na siku zilizofuata aling'oa mibarika kwa mikono yake, ingawa mke wake alimsihi kwa simu apumzike. Hakutaka kusikia. Lori lilipofika lilikuta mto umejaa, likakwama ng'ambo.

Alfajiri ya tarehe 18 Februari moyo ulimzidia, gari lake la kifahari likazama kwenye tope kabla halijatoka kijijini, ziwa limechafuka, ikabidi abebwe kwa machela. Walimbeba walewale waliombeba Agripina, pamoja na mwalimu Praygod na yule afisa kilimo, na njiani Kilian alisema kwamba hastahili mabega yao, wao wakamwambia anyamaze, asijichoshe. Mtoni maji hayakupitika, wakamtua ukingoni, palepale, akalitazama lori lenye bati upande wa pili, akafariki saa mbili asubuhi akiwa na umri wa miaka arobaini na moja.

Familia inawashukuru madaktari wa moyo wa Dar es Salaam, muuguzi wa zahanati yetu Bi. Perpetua, makanisa yote, na majirani ambao tangu juzi wamevusha mbao na bati mtoni kwa vichwa na kupaua mchana kutwa, kazi ikafika nusu. Ndiyo maana humu wodini baadhi yenu mmekaa pakavu na wengine mnanyeshewa. Tunawashukuru pia wasanii wenzake, ninyi mlioacha magari ng'ambo mkavuka kwa miguu, na tunawaomba kwa upendo kabisa, mkirudi mpite kwenu mlikozaliwa, mkaulize ni nini kinasubiriwa, kwa maana huenda na huko watu wanawaheshimu. Kesho asubuhi kila mwenye nyundo aje, tumalize upande uliobaki.

Kilian mwanangu, wodi hii haijawahi kulaza mtu, na wa kwanza kulazwa ndani yake ni wewe. Waliokubeba wamekutua, hawakudai kitu. Pumzika kwa amani.