Eustace Banzi na Farasi Aliyechukuliwa kwa Utani

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Eustace Banzi, mhudumu mkuu wa mazizi, anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Kituo chetu cha Matunzo ya Wanyama Kazi hapa Morogoro. Ameajiriwa mara moja tu maishani na hajawahi kuomba uhamisho. Jalada lake lina onyo moja la maandishi, na makala haya hayataliruka.

Banzi ni mzaliwa wa Mgeta. Kabla ya kuja kwetu alikuwa akibeba kabichi mgongoni kutoka mashamba ya juu hadi barabarani yanakosimama malori ya Dar es Salaam. Kwenye usaili aliulizwa ana uzoefu gani na wanyama wa mizigo. "Nimekuwa mmoja wao miaka sita," alijibu. Wasaili walicheka wakampa kazi.

Wakulima wa mpunga wa Dakawa watamkumbuka kwa mito ya magunia. Punda wao walikuwa na vidonda mabegani kwa sababu ya kamba za mikokoteni, nasi tulikuwa tukiwatibu na kuwarudisha kwenye kamba zilezile. Banzi alianza kushona magunia yaliyojazwa sufi na kuyafunga chini ya kamba. Aliwafundisha wenye punda kushona yao, na waliogoma aliwavisha wao kamba akawavutisha mkokoteni mtupu mbele ya wake zao. Vidonda vilipungua.

Alikuwa pia na tabia ya kuwapa punda vyeo vya ofisini. Siku moja aliandika kwenye ubao wa matangazo kwamba Mhasibu amehamishiwa Dakawa kwa sababu ya ubishi. Mhasibu mwenyewe, mama Brenda, alipokea pole mpaka saa sita mchana ndipo akajua kinachoendelea. Hakumsemesha Banzi wiki nzima, kisha akaomba amwone huyo punda.

Sasa kuhusu farasi.

Mwaka 2021 dereva wa basi alimwambia Daktari Joyce Mbena, daktari wetu wa mifugo, kwamba karibu na Dumila kuna shamba la mapumziko lililofungwa, na ndani yake farasi anakufa huku amesimama. Alikuwa farasi mfupi, wa aina ya poni, aliyenunuliwa ili watoto wapandishwe mgongoni sikukuu za Idi na Krismasi. Biashara ilipokufa, mwenye shamba, Bwana Rogers, alirudi Dar es Salaam akamwacha farasi na mlinzi.

Kwa taratibu zetu, mnyama hachukuliwi bila ridhaa ya mwenye mali au kibali cha polisi. Bwana Rogers hakupokea simu. Uongozi ukaagiza tusubiri. Daktari Joyce aliomba walau akamtibu palepale, akaruhusiwa, na Banzi akaenda kumsaidia.

Mlinzi aliitwa Idrisa Maganga, Mnyamwezi wa Urambo. Alipomsikia Banzi akijitambulisha getini, uso ulimchangamka.

"Mluguru! Umeshuka mlimani, chumvi imekuishieni?"

"Nimekuja kumwona Mnyamwezi anayefuga mbavu," Banzi alisema. "Yuko wapi farasi? Umemla?"

"Ningemla ningekuita uje ulambe ukoko."

Waluguru na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na msomaji anajua maana yake. Mtani hukutukana ukacheka. Mtani akiingia kwako akabeba jogoo, humshtaki, unangoja zamu yako.

Mzaha uliisha walipofika nyuma ya nyumba. Kwato zilikuwa hazijakatwa kwa muda mrefu, zimejikunja kwenda juu kama pembe za kondoo dume, na farasi alisimamia visigino. Kamba ya shingoni ilikuwa imezama kwenye nyama. Maji yake yalikuwa ya kijani, ndani ya tairi. Idrisa alikuwa akimkatia majani kando ya barabara kwa panga, na kwa miezi mingi hayo ndiyo yaliyomweka hai.

"Mtani, mimi mwenyewe sijui kesho nakula nini," Idrisa alisema. "Tajiri hajaonekana tangu Ramadhani."

Daktari Joyce alisafisha kidonda na kuchoma sindano. Kisha akasema wazi kwamba farasi hamalizi wiki akibaki pale. Banzi alimfungua.

"Mnyamwezi, huyu nimemchukua. Ukitaka, nenda kawaambie wazee wako kwamba umemnunia mtani."

Idrisa alicheka hadi akaegemea nguzo. "Chukua, mwizi wewe! Siku nikija Mgeta nabeba hata kitanda, ulale chini na mama watoto."

Akawafungulia geti mwenyewe.

Katika utani unachukua cha mtani wako, na farasi hakuwa wa Idrisa. Daktari Joyce aliliona hilo akanyamaza, kwa sababu alikuwa ameishika ile shingo. Tuliobaki kituoni tuliposikia kisa tulishangilia na farasi akapewa jina la Mtani. Uongozi ulimwandikia Banzi onyo kwa kukiuka utaratibu. Muda si mrefu ukamweka farasi kwenye ukurasa wa mbele wa taarifa ya mwaka.

Kazi ya kumponya ilikuwa ya Banzi, na haikuwa na miujiza. Mnyama aliyeshinda njaa muda mrefu akipewa pumba nyingi hufa kwa tumbo, kwa hiyo alianza kwa majani makavu, kidogo kidogo, na kila aliyepita zizini akidhani anamwonea huruma kwa kumtupia mahindi alifukuzwa kwa ufagio, mkurugenzi akiwemo. Kwato alizipunguza kwa tupa kila baada ya wiki chache, maana ukizikata zote mara moja mishipa ya miguu haivumilii. Kumzoesha watu kulichukua muda mrefu kuliko vyote. Banzi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampa farasi mgongo, akawa anamenya maharage au anasikiliza mpira redioni. Alimwacha farasi aje kwa hiari yake. Siku farasi alipomwekea kidevu begani, Simba walikuwa wanapiga penalti, na Banzi hakugeuka kuangalia ni nani.

Baada ya miaka miwili Mtani alikuwa mzima. Kumpatia nyumba kulikuwa kugumu, kwa kuwa mabonde yetu yana mbung'o, na mbung'o huleta nagana, ugonjwa unaoua farasi upesi kuliko ng'ombe. Banzi alitaka apelekwe juu, kwenye baridi. Alimpata Anastasia Kobelo, mkulima wa karoti na kabichi Mgeta, mjane mwenye nyasi nyingi na barabara mbali. Mtani akawa anateremsha matenga mepesi asubuhi na kulala kwenye banda lenye bati mchana. Wanawake wa kitongoji kile walimwita mkwe. Banzi alikwenda kumwona kila alipopata likizo, na mara nyingine alipokosa.

Bwana Rogers alirudi Dumila mwaka uliofuata. Alikuwa amepata biashara mpya ya kupamba harusi, na maharusi siku hizi wanataka kuingia ukumbini na farasi. Taarifa yetu ya mwaka ilikuwa imemfikia. Hakuja kwetu. Alikwenda polisi, akasema mlinzi wake ametoa mali aliyokabidhiwa, na Idrisa akawekwa ndani.

Banzi alipofika kituo cha polisi, Idrisa alikuwa ameshaeleza yote. Askari wa zamu, mtu wa makamo, alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko.

"Mzee Banzi, huyu mtani wako ananiambia amechukuliwa farasi kwa utani. Haya, mila nazijua, hata mimi nina watani. Mtani anachukua cha mtani wake. Farasi ni wa nani?"

Banzi alisema wakamatwe wote wawili, kwa kuwa mchukuaji alikuwa yeye. Bwana Rogers, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, alisema hataki kumfunga mtu. Anataka farasi wake. Akirudishwa, anafuta malalamiko. Asiporudishwa, mlinzi aende mahakamani. Banzi alimwomba amuuzie farasi. Alikataa, kwa sababu alikuwa ameshapokea oda za harusi.

Kituo chetu kiliombwa msaada. Kingeweza kupeleka picha za ile shingo. Kingeweza kudai kwamba aliyemtelekeza mnyama naye ana kesi ya kujibu. Daktari Joyce alilisema hilo kikaoni mara mbili, na mara ya pili alisema akiwa amesimama. Uongozi ulijibu kwamba suala hilo ni la mtumishi binafsi aliyekiuka utaratibu, na kwamba onyo lake lipo kwenye jalada. Taarifa ya mwaka iliondolewa kwenye meza ya mapokezi.

Banzi alipanda Mgeta siku iliyofuata. Anastasia alimkuta anamfungua Mtani bandani.

"Kaka Eustace, karibu. Leo umemfuata wewe, umemkumbuka sana?"

"Nimekuja kumchukua."

"Kwa utani tena?"

"Safari hii kwa sheria, dada."

Anastasia aliuliza kama hakuna namna. Banzi alimweleza kwamba kuna mtu rumande. Basi akamfungia karoti kwenye kitambaa, za farasi. Banzi hakukodi gari. Aliteremka naye kwa miguu njia yote hadi Mlali alikokuwa akisubiri Dennis, dereva wetu, na Dennis anasema farasi alipanda gari bila kusukumwa, kwa sababu Banzi alitangulia kupanda.

Idrisa aliachiwa jioni ileile. Kazi hakurudishiwa. Mtani alifanya harusi za msimu mmoja, amevishwa maua, Dumila na kwingineko. Masika yaliyofuata alipata nagana. Daktari Joyce aliitwa farasi akiwa ameshalala chini, akamchoma sindano ya kumpumzisha. Bwana Rogers aliuliza kama kituo chetu kina farasi mwingine.

Idrisa sasa anauza mahindi ya kuchoma pale Dumila njia panda. Banzi alimtafuta ili amwombe radhi. Alimkuta, akamtania kama zamani, akamuuliza kama Wanyamwezi wameanza kuchoma mahindi kwa kukosa farasi wa kuchoma. Dennis alikuwepo. Idrisa alimpa hindi lililoiva vizuri, akasema, "Shikamoo, mzee Banzi. Karibu." Mtu akikuamkia kwa heshima baada ya kukutukana miaka yote hiyo, hakuna wazee wa kuwapelekea shauri.

Kituo kinamshukuru Ndugu Banzi kwa punda wasio na vidonda, kwa wahudumu tisa aliowafundisha, na kwa mazizi ambayo hayajawahi kunuka. Hizo ni kazi zake, na zitabaki. Shukrani nyingine hatuna haki ya kuzitoa.

Kamati ya sherehe ilitaka kuweka picha ya farasi kwenye jalada la kijarida hiki. Banzi alikataa, na picha mnayoiona ni ya lango. Anayestaafu hapa hupewa mbuzi jike mwenye mimba, desturi iliyoanza kabla yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwachagua. Alipoulizwa anataka yupi, alisema anarudi Mgeta kulima karoti na hatafuga tena, hata kuku. Kwa hiyo tumemnunulia mpira wa kumwagilia, mrefu wa kutosha kufika matuta ya chini.

Nenda salama, Eustace. Tunakuombea mvua za kiasi, miguu isiyochoka na bustani yenye kustawi.